Mlango wa Tano wa Fahamu: Jinsi Mkono wa Bandia Unavyofundishwa Kuhisi

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mwaka huu mhariri aliniomba niandike somo la sayansi kwa Kiswahili, maanake kuna wenzetu wanaoshikilia kwamba lugha hii ni ya hadithi na mashairi tu, na ati mambo ya ubongo na umeme hayasemeki ila kwa Kiingereza. Nimeukubali mwaliko huo. Someni, kisha mnihukumu.

Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba mtu ana milango mitano ya fahamu: macho ya kuona, masikio ya kusikia, pua ya kunusa, ulimi wa kuonja na ngozi ya kuhisi. Ile ya kwanza huheshimiwa sana. Asiyeona ana shule zake na maandishi yake ya nukta; asiyesikia ana lugha yake ya ishara. Lakini huu wa tano, nani huukumbuka? Hata jina lake hatujakubaliana: mmoja husema kugusa, mwingine kuhisi, mwingine kupapasa. Naye Mswahili husema "nasikia baridi" na "nasikia maumivu", kana kwamba ngozi nayo ina masikio. Mimi naona hakukosea, na kufikia mwisho wa somo hili labda nawe utakubaliana nami.

Swali letu ni hili: mtu aliyepoteza mkono akipewa mkono wa bandia, je, anaweza kurudishiwa mlango huu wa tano? Jibu fupi ni ndiyo, kwa kiasi, na limekwisha kufanyika. Jibu refu ndilo somo lenyewe.

1. KAZI YA NGOZI YA MKONO

Kabla hatujaenda mbali, fanya majaribio mawili. La kwanza: tia mfukoni sarafu ya shilingi tano, ya shilingi kumi na ufunguo wa sanduku lako. Sasa toa ile ya kumi bila kutazama. Umefaulu, sivyo? Nani alikuonyesha? Si macho.

La pili: mwambie mwenzako wa dawati afumbe macho. Shika kalamu mbili pamoja, ncha zake zikiachana milimita tatu hivi, kisha zigusishe polepole kwenye ncha ya kidole chake. Atasema, "Mbili." Sasa mguse mgongoni kwa zile zile kalamu, ukiziachanisha hata sentimita tatu. Mara nyingi atasema, "Moja." Mimi nilipofanya jaribio hili bwenini, mwenzangu alibisha kabisa, akasema natumia kalamu moja na kumfanya mjinga. Haikuwa hivyo. Ngozi ya ncha ya kidole imejaa vipokezi vilivyosongamana kama watu kwenye matatu ya jioni. Mgongoni vimetawanyika kama boma za watu katika shamba kubwa.

Wataalamu wanakadiria kwamba ngozi ya kiganja na vidole vya mkono mmoja ina vipokezi vya mguso kama 17,000. Viko vya aina nne, na kila aina imepewa jina la mtaalamu aliyeichunguza. Vile vya Merkel huhisi mgandamizo na kingo za kitu, ndivyo vinavyotofautisha sarafu na ufunguo. Vile vya Meissner huamka kitu kinapoanza kuteleza. Vile vya Pacini huhisi mtetemo. Ukilima na jembe likagonga jiwe, wewe hujaligusa jiwe lakini umelijua kupitia mpini. Vile vya Ruffini huhisi ngozi inapovutwa. Nazo habari za joto, baridi na maumivu zina nyuzi zake nyingine.

Kipokezi kikibonyezwa hutoa umeme kidogo sana. Umeme huo hupita kwenye neva, yaani mshipa wa fahamu, ukapanda mkononi hadi uti wa mgongo, na kutoka hapo hadi ubongoni. Habari za mguso hukimbia mita 50 hivi kwa sekunde moja. Maumivu yale ya kuchoma polepole hutembea kama mita moja tu kwa sekunde. Ndiyo maana ukijikwaa gizani ukielekea chooni, unajua kwanza kwamba umegonga kitu, halafu uchungu wenyewe unafika baadaye kama mgeni aliyechelewa. Mwaka wa 2021 wanasayansi David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua vipokezi vinavyogeuza joto na mguso kuwa umeme wa neva. Kwa hiyo, msomaji, usiudharau mlango huu. Hata Nobel umeupata.

Sasa, ungekuwaje bila mguso lakini misuli yako ikiwa mizima? Roland Johansson, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Umeå nchini Uswidi, alionyesha jambo hilo kwa kibiriti. Mtu mwenye vidole vizima huchukua njiti na kuiwasha kwa sekunde chache tu. Vidole vyake vikichomwa sindano ya ganzi, mtu huyo huyo huangusha njiti, huigeuza huku na huku, na kazi humchukua muda mara kadhaa zaidi, ingawa macho yanaona na misuli haina ubaya wowote. Ni kwa sababu mkono hushika kwa mazungumzo. Ngozi husema, "Kinateleza," nao ubongo hujibu, "Bana kidogo." Mazungumzo hayo hayakatiki hata unapobeba kikombe cha uji. Ukiyakata, mkono unabaki koleo.

2. USHAHIDI WA KARIBU: UKOMA

Hapa kwetu magharibi ya Kenya tuna ushahidi mzito zaidi kuliko wa kibiriti. Huko Alupe, karibu na Busia, kulikuwa na hospitali ya wagonjwa wa ukoma, na baadaye taasisi ya utafiti wa tiba nchini, KEMRI, ikaweka huko kituo chake cha utafiti wa ukoma na maradhi ya ngozi.

Watu wengi hudhani ukoma wenyewe hula vidole. Sivyo. Bakteria wa ukoma, waliogunduliwa na Hansen wa Norwe mwaka wa 1873, hupenda kukaa katika neva, nazo neva zikiharibika mtu hahisi. Anashika sufuria ya moto asijue. Anakanyaga msumari akaendelea na safari. Kidonda kinaoza bila kumwambia mwenyewe. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India kuanzia miaka ya 1940, alishuhudia jambo hili kwa miaka mingi akafundisha ulimwengu kwamba majeraha hayo huletwa na ukosefu wa maumivu. Kumbe maumivu tunayoyalaani ni askari wa zamu!

Kwa bahati njema ukoma hutibika kwa dawa za mchanganyiko zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 1981, na hutolewa bila malipo. Mtu akiona baka kwenye ngozi lisilohisi hata likiguswa kwa unyoya, asifiche. Aende hospitali mapema. Lakini mimi nauleta ukoma hapa kwa sababu ya funzo lake: mkono usiohisi haujilindi.

3. MKONO ULIOTUNDIKWA UKUTANI

Mjomba wangu anaishi upande wa Webuye. Miaka kadhaa iliyopita alikuwa akifanya kibarua cha kupukuchua mahindi karibu na Kiminini, kwenye mashine ya kuvutwa na trekta ambayo kifuniko chake kilikuwa kimeondolewa ili kazi iende haraka. Mkono wake wa kulia ulivutwa pamoja na magunzi. Ulikatwa chini kidogo ya kiwiko. Watu wa Kitale na Bungoma hawatashangaa kusikia haya. Msimu wa mavuno ni msimu wa furaha, lakini mashine hizi, pamoja na zile za kukatia majani ya ng'ombe, zimekula vidole vya watu wengi.

Baadaye alipewa mkono wa bandia: wa mpira, rangi ya maji ya kunde, una hata kucha. Nilipomtembelea likizoni niliukuta umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikamuuliza, "Mjomba, mbona huuvai?"

Akacheka. "Huo ni wa kuendea kanisani. Kazi haujui."

"Kwani haushiki?"

"Hata ungeshika, mwana wa dada, mimi nitajuaje umeshika? Lazima niutazame kama mtoto anayechunga ndama. Heri hiki kigutu changu. Hiki nikigusa chai najua ni moto."

Jibu hilo lilinikaa kichwani. Nilikuwa nikidhani shida ya mkono wa bandia ni nguvu au sura. Kumbe shida ni kwamba hauleti habari. Mtu aliyevaa mkono usiohisi hufanya kazi mbili: mkono unashika, na macho yanachunga mkono.

Tena kuna jambo la salamu. Kwetu mtu husalimiwa kwa mkono, na wa kulia. Kwenye matanga utaona foleni ya watu wakishikana mikono kabla ya neno lolote kusemwa. Mjomba hutoa kigutu chake, nao watu wanaomjua hukishika kwa heshima. Aliwahi kusalimia watu kwa ule mkono wa mpira, akasema ilikuwa kama kumtuma mtu mwingine aende matangani kwa niaba yake. Basi asiniambie mtu kwamba mguso ni anasa.

4. VIDOLE VISIVYOKUWEPO

Kuna jambo lingine alilonieleza kwa sauti ya chini. Usiku vidole vyake vya kulia, vile ambavyo havipo, humwasha. Wakati mwingine huhisi kana kwamba ngumi imekunjwa kwa nguvu na haikunjuki. Majirani walimwambia labda mkono haukuzikwa vizuri.

Sayansi ina maelezo. Daktari wa Marekani, Silas Weir Mitchell, aliyetibu askari waliokatwa viungo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo, aliandika mwaka wa 1871 juu ya viungo hivi, akaviita viungo vya mzuka. Wengi wa waliokatwa mkono au mguu huvihisi. Hawajarogwa, wala hawana wazimu.

Sababu iko ubongoni. Katika miaka ya 1930 daktari mpasuaji Wilder Penfield wa Montreal, Kanada, alikuwa akiwatibu wagonjwa wa kifafa. Ubongo wenyewe hauna vipokezi vya maumivu, kwa hiyo aliweza kuufungua mgonjwa akiwa macho na kuugusa kwa umeme mdogo. Akigusa hapa, mgonjwa anasema, "Nahisi kidole gumba." Akigusa pale, "Nahisi mdomo." Kwa njia hiyo alichora ramani ya mwili mzima juu ya ubongo. Vidole na midomo vina eneo kubwa ajabu. Mgongo mzima una kipande kidogo tu. Sasa kumbuka lile jaribio letu la kalamu mbili.

Hapa ndipo kiini cha somo. Mkono ukikatwa, ramani haifutwi yote. Ni kama kijiji ambacho barabara yake imekatwa na mafuriko: hakifikiki, lakini watu bado wanaishi na simu zao bado zinalia. Vidole vya mzuka vya mjomba ni mlio wa simu hizo. Basi ikiwa kijiji kipo, je, hatuwezi kukijengea barabara nyingine?

5. BARABARA YA KWANZA: KUPITIA NEVA

Neva za mkono uliokatwa hazifi. Zinaishia ndani ya kigutu kama nyaya za stima zilizokatwa kwenye nguzo. Mwaka wa 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, mjini Cleveland, Marekani, wakiongozwa na Dustin Tyler, walizivalisha neva za mtu mmoja aitwaye Igor Spetic vikuku vidogo vyenye elektrodi. Spetic alikuwa amepoteza mkono wa kulia katika ajali ya kiwandani, kama mjomba wangu na mashine yake.

Kazi inakwenda hivi. Vidole vya mkono wa bandia vina vihisi vya mgandamizo. Kidole kikigusa kitu, kihisi hupima nguvu, kompyuta hugeuza kipimo hicho kuwa mipigo ya umeme, nayo mipigo huingia kwenye neva kupitia kile kikuku. Ubongo haujui kwamba umeme huo umetoka kwenye mashine. Unapokea habari kwenye mstari wa kidole gumba, nao unasema: kidole gumba kimegusa.

Walimfunga macho wakampa matunda madogo ya cheri ayatoe vikonyo. Ni kazi nyepesi kama kuchuma nyanya mbivu bila kuipasua. Bila mguso aliyaponda mengi. Mguso ulipowashwa, mengi yalisalimika. Tena watafiti waligundua jambo ambalo hawakulitafuta: maumivu ya mkono wake wa mzuka yalipungua. Kijiji kilipopata barabara, makelele yalitulia.

Huko Roma, Italia, mwaka wa 2013, kikundi cha Silvestro Micera kilimfanyia mtu wa Denmark, Dennis Aabo Sørensen, jambo la namna hiyo. Alikuwa ameishi bila mkono wa kushoto kwa miaka 9 baada ya kuumizwa na fataki. Akiwa amefungwa macho na kuzibwa masikio aliweza kusema kitu alichoshika ni kigumu au laini. Miaka 9, na ramani bado ilikuwapo!

6. BARABARA YA PILI: MOJA KWA MOJA UBONGONI

Lakini vipi mtu ambaye uti wa mgongo umekatika shingoni? Huyo mikono anayo, neva anazo, ila barabara kuu imevunjika daraja. Amri haishuki, habari haipandi. Kwake kikuku cha kwenye neva hakisaidii. Inabidi kwenda kijijini kwenyewe.

Nathan Copeland, kijana wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, alipata ajali ya gari mwaka wa 2004 akiwa na umri wa miaka 18, akapooza. Mwaka wa 2015 madaktari wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walimwekea ubongoni vibapa vinne vya elektrodi, kila kimoja kidogo kuliko ukucha. Viwili waliviweka sehemu inayotoa amri za mwendo. Viwili waliviweka sehemu ya mguso, kwenye eneo la vidole katika ile ramani ya Penfield.

Copeland anapowaza kunyosha mkono, seli za ubongo hutoa mipigo, vibapa vya kwanza husoma, kompyuta hutafsiri, na mkono wa roboti ulio kando yake husogea. Roboti ikigusa kitu, vihisi hupeleka habari kwa kompyuta, nayo hupeleka umeme kwenye vile vibapa viwili vya mguso. Watafiti walimfunga macho wakawa wanabonyeza vidole vya roboti kimoja kimoja. Alitaja kidole sahihi zaidi ya mara 8 katika kila mara 10. Mara nyingine alihisi kama anabonyezwa, mara nyingine kama mwasho wa umeme. Matokeo hayo yalichapishwa Oktoba 2016, na mwezi huo huo Rais wa Marekani wa wakati huo, Barack Obama, ambaye jamaa za babake wako Kogelo, huku Siaya, aligonganisha ngumi na mkono huo wa roboti mjini Pittsburgh. Copeland alisikia ngumi ya rais.

Msomaji anaweza kusema: hiyo ni sarakasi ya kupigwa picha. Basi tazama matokeo ya 2021. Copeland alipewa kazi ya kuchukua vitu na kuvihamisha. Bila mguso kila kitu kilimchukua kama sekunde 20. Kwa mguso, kama sekunde 10. Nusu! Muda mwingi uliookolewa ni ule wa kuhangaika kushika: roboti imeshagusa kitu, lakini mwenyewe hana hakika. Ni yale yale aliyonieleza mjomba bila kompyuta: mimi nitajuaje umeshika?

Kazi haijasimama. Sliman Bensmaia wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyekuwa mmoja wa wataalamu wakuu wa mguso, alifariki mwaka wa 2023, lakini wenzake wa Chicago na Pittsburgh waliendelea. Mwanzoni mwa 2025 walichapisha habari kwamba wakiwasha elektrodi kadhaa kwa mpangilio, mtu anaweza kuhisi ukingo wa kitu, au kitu kinachotembea juu ya ngozi yake.

Hata hivyo tusidanganyane. Kuweka vibapa hivi ni kupasua fuvu la kichwa. Nyaya hutoka nje ya ngozi, na hapo kuna hatari ya maambukizi. Elektrodi huchakaa, ingawa kufikia 2022 Copeland alikuwa amekaa na zake zaidi ya miaka 7. Nayo mitambo yenyewe ni ya maabara. Huwezi kuiagiza dukani, si Kitale, si Nairobi, si London.

7. NA SISI JE?

Hapa ndipo wengi hufunga daftari. "Hayo ni ya Wazungu." Mimi nasema ngoja kwanza.

Mwanzoni mwa miaka ya 2020, vijana wawili wa Kikuyu, karibu na Nairobi, David Gathu na Moses Kiuna, walijulikana kwa kuunda mkono wa bandia katika karakana yao ya nyumbani, wakitumia mbao na vipuri vya vyombo vya umeme vilivyotupwa. Mvaaji hujifunga kichwani kifaa kinachopokea umeme wa ubongo kutoka juu ya ngozi, bila kupasua chochote. Umeme huo kutoka nje ya fuvu ni hafifu. Ni kama kusikiliza mkutano ukiwa nje ya ukumbi. Lakini walithubutu, tena kwa takataka. Kuamuru ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhisi, na nusu hiyo inawangoja vijana kama wewe.

Vilevile kuna mafundi waliosomea. Chuo cha TATCOT kilichoko Moshi, Tanzania, kimefundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Hapa kwetu Chama cha Walemavu wa Viungo, APDK, kimekuwako tangu 1958 na kina karakana zake.

Na sasa niwape siri iliyonishangaza mimi mwenyewe. Mwaka wa 1912 Mmarekani mmoja, David Dorrance, aliyepoteza mkono kiwandani, alisajili ndoano ya vyuma viwili inayofunguka kwa kamba iliyozungushwa begani. Ukisogeza bega, ndoano inafunguka. Haina betri wala kompyuta. Lakini mvaaji wake huhisi! Mvuto wa kamba begani humwambia ndoano imefunguka kiasi gani na imekutana na kitu gani, kama vile mvuvi anavyomjua samaki kupitia uzi. Ndiyo maana watu wengi wa kazi za mikono wameipenda kuliko mikono mizuri isiyosema kitu.

Nilimweleza mjomba habari hizo. Akauliza kwanza kama watoto watamkimbia. Kisha akauliza kama anaweza kushikia mpini wa jembe. Kisha akanyamaza kidogo, akaniambia niandike jina la mahali pa kwenda kuuliza. Sijui ataamua nini, na uamuzi ni wake; mwenye kigutu ndiye ajuaye kinapouma.

Kwa wenzangu wa Chama cha Sayansi nina changamoto. Katika simu mbovu kuna mota ndogo ya mtetemo. Kihisi cha mgandamizo kikiwekwa kwenye ncha ya kidole cha bandia, nayo mota hiyo ikafungwa kwenye ngozi ya kigutu, basi mkono ukibana kidogo mota itetemeke kidogo, ukibana sana itetemeke sana. Ubongo hujifunza lugha hiyo mpya kwa mazoezi. Njia hii ya mtetemo imejaribiwa na watafiti wa nchi nyingi na haihitaji kisu cha daktari. Huo ni mradi unaofaa kupelekwa kwenye kongamano la sayansi.

Na kabla ya uvumbuzi wote, tuanze na kifuniko cha mashine. Nyumbani wakati wa mavuno, mwambie fundi asiwashe mashine isiyo na kifuniko, wala mtu asivae nguo za mikono mirefu iliyolegea karibu nayo. Vipokezi 17,000 havinunuliwi popote.

Sasa rudini kwenye ule msemo wa Mswahili, "nasikia baridi". Mkono hupokea habari, huzipeleka ndani, nasi huzielewa na kujibu. Huko ni kusikiliza. Kazi ya watafiti hawa wote, wa Cleveland, wa Roma na wa Pittsburgh, ni kuufundisha mkono wa bandia kusikia. Nimeyasema haya kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, wala lugha haikunitupa.

MSAMIATI

Elektrodi: kipande kidogo cha chuma kinachopitisha umeme kuingia au kutoka mwilini.
Kigutu: sehemu ya kiungo inayobaki baada ya kukatwa.
Kihisi: kifaa kinachopima mgandamizo, joto au mwendo.
Kiungo cha mzuka: kiungo kilichokatwa ambacho mwenyewe bado anakihisi.
Kipokezi: sehemu ya mwili inayogeuza mguso kuwa umeme wa neva.
Neva: mshipa wa fahamu.

MASWALI

1. Eleza kwa nini kalamu mbili huhisiwa kama moja mgongoni.
2. Ukoma huharibuje vidole, ikiwa bakteria wake hawavili?
3. Kwa nini njia ya neva haiwezi kumsaidia mtu aliyevunjika uti wa mgongo shingoni?
4. Ndoano ya Dorrance haina umeme. Mvaaji wake huhisije?
5. "Maumivu ni askari wa zamu." Jadili kwa mifano kutoka nyumbani kwenu.